Umeona kitu angani Malindi au Lamu: dawati lipi la serikali litakupa jibu?

Mwanga ukining'inia juu ya maji upande wa Ngomeni, ukakaa dakika kumi bila kusogea kisha ukazimika ghafla, swali la kwanza la mtu wa Malindi huwa: nimwambie nani? Jibu linategemea uko chini ya serikali gani. Ufaransa ina dawati la wanasayansi linalokupa fomu, linachunguza, na kukurudishia majibu. Uingereza ilikuwa nalo, ikalifunga. Marekani ina ofisi kubwa ambayo raia wa kawaida anaichungulia dirishani. Kenya ina ofisi kadhaa zenye ujuzi wa mambo haya, ila hakuna iliyobandika kibao mlangoni.

Huduma hizi tumezipima kama mtu anavyopima kampuni ya mabasi ya Malindi hadi Mombasa: unaingilia mlango gani, unaulizwa nini, unangoja kiasi gani, na mwisho unafikishwa au unaachwa njiani. Habari ya kama viumbe wa sayari nyingine wapo au hawapo hatukuigusa. Kipimo kilichobeba uzito zaidi ni fomu yenyewe: je, inamwuliza shahidi alisimama wapi, saa ngapi, akielekea upande gani, au inamwuliza tu aliona nini? Kitu chenyewe hakirudi. Mahali uliposimama panarudiwa, na anga ya saa ile inaweza kupigiwa hesabu upya: sayari zilikuwa wapi, setilaiti ipi ilipita, ndege ipi ilikuwa ikishuka. Dawati lisilouliza hayo linakusanya hadithi.

GEIPAN, Ufaransa

Hawa ndio tungewapa alama nne kati ya tano bila kusita. GEIPAN iko ndani ya CNES, shirika la anga za juu la Ufaransa, mjini Toulouse. Ilianza mwaka 1977 kwa jina la GEPAN, ikawa SEPRA mwaka 1988, ikapata jina la sasa mwaka 2005, na mwaka 2007 ikaanza kuweka majalada yake kwenye intaneti mtu yeyote asome. Kukaa chini ya watu wa setilaiti badala ya jeshi kuna faida mbili. Shahidi haogopi kwamba anaingia kwenye shauri la usalama, na wachunguzi wamekaa jirani na watu wanaojua mizunguko ya setilaiti.

Milango ni miwili. Unaweza kwenda kwa gendarmerie, wale askari wanaolinda vijiji na miji midogo, wakaandika maelezo yako rasmi kama wanavyoandika ya wizi au ajali, nakala ikapelekwa Toulouse. Au unajaza fomu mwenyewe. Fomu ni ndefu, na urefu wake una maana. Unaeleza kwanza kwa maneno yako mwenyewe, bila kukatizwa, halafu ndipo maswali mafupi yanafuata. Mpangilio huu si wa bahati. Ukianza kumwuliza mtu "kilikuwa na umbo la sahani au la sigara?", umeshampa maumbo mawili ya kuchagua, na baada ya hapo kumbukumbu yake inafuata swali lako.

Kisha wanataka mchoro, hali ya hewa, na vipimo vya pembe. Hapa ndipo mashahidi wengi wanapoteleza. Mtu husema "kilikuwa kikubwa kama basi, mita mia tatu juu". Usiku, kwa taa isiyo na kitu cha kulinganisha nayo, jicho la binadamu haliwezi kujua umbali, na bila umbali hakuna ukubwa. Kinachopimika ni pembe. Nyosha mkono wako mbele: upana wa kidole kidogo ni takriban digrii 1, ngumi ni takriban digrii 10. Mwezi mpevu, hata ukionekana mkubwa kama sinia unapochomoza baharini, una nusu digrii tu. Kidole kidogo kinaufunika na nafasi ikabaki. Kwa hiyo "nusu ya kidole, ngumi mbili juu ya upeo wa macho" ni taarifa ya kufanyiwa kazi, na "kama basi" ni ya kusimuliwa barazani.

Fomu ikifika, watumishi wake wachache wanaanza na yale ya kawaida: sayari na nyota zenye mwanga mkali, ndege, setilaiti, maputo, vimondo, na zile taa za karatasi zinazopaa kwa moto wa mshumaa, ambazo tangu zilipoenea kwenye harusi na sherehe zimewapa kazi kubwa. Kisa kikiwa kigumu, mchunguzi wa kujitolea aliyefunzwa anaweza kumwendea shahidi na kusimama naye palepale alipoonea. Mwisho kisa kinapewa herufi. A: kimetambuliwa bila shaka. B: huenda kimetambuliwa, ushahidi unaelemea huko. C: taarifa hazitoshi. D: taarifa zinatosha, uchunguzi umefanyika, na bado hakijaelezeka. Kisa kinachapishwa bila jina la shahidi.

Tofauti ya C na D ndiyo inayotufanya tuwapende. Sehemu nyingi duniani huchanganya vikapu hivyo viwili, halafu gazeti linaandika kwamba serikali "imeshindwa kueleza" mamia ya visa, kumbe mengi ni picha moja yenye ukungu bila saa wala mahali. Kwa GEIPAN, C ni karibu theluthi ya visa, na D ni takriban 3 kati ya 100.

Kasoro? Ni ya Ufaransa, kwa Kifaransa, kwa yaliyoonekana kwenye ardhi ya Ufaransa. Lamu haimo. (Mayotte, ambako Wakomoro wake tunasikilizana nao lugha kwa kiasi, ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011, hivyo wao wana pa kugonga.) Majibu pia hayaji kesho, jalada linaweza kukaa miezi. Na mtandao wao unahitaji subira, kwa sababu wameweka kila kitu, pamoja na majalada yasiyo na msisimko wowote. Hilo la mwisho kwetu ni sifa. Ukitaka kujua kama wachunguzi ni waaminifu, soma visa vyao vya kuchosha. Ndivyo vinavyoonyesha kama walipiga hesabu au walikisia.

Uingereza: dawati lililofungwa

Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilipokea ripoti za raia kwa zaidi ya miaka 50, kwa simu, barua na hatimaye barua pepe, hadi ilipofunga huduma hiyo Desemba 2009. Sababu iliyotolewa ni kwamba katika muda wote huo hakuna ripoti hata moja iliyoonyesha hatari kwa nchi. Ripoti za mwaka ule wa mwisho zilipita 600.

Fomu yao haikuwa mbaya. Iliuliza tarehe, saa, muda, mahali pa shahidi, upande, pembe ya kutazama, mwendo, hali ya hewa, hata harufu. Tatizo lilikuwa kilichofanywa baada ya kujazwa. Wizara ilitazama jambo moja: je, kuna chombo cha adui au kisicho na ruhusa kilichoingia anga ya Uingereza? Jibu likiwa hapana, faili linafungwa, na shahidi anapata barua ya kawaida inayosema kwamba si kazi ya wizara kutambua kila kilichoonekana. Ni kama kupeleka gari gereji, fundi akalikagua kama limeibwa, akakurudishia funguo bila kufungua boneti.

Kwa jeshi msimamo huo una mantiki yake, na hatuulaumu sana. Kilichoharibika ni kwamba mtu anayeambiwa "haikuwa hatari" husikia "tunajua ilikuwa nini, hatukwambii". Walichofanya vizuri ni mwisho wake: kati ya 2008 na 2013 majalada yalipelekwa kwa mafungu kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kule Kew, London, na wasomaji wakagundua kwamba sehemu kubwa ya siri ilikuwa karani akijibu barua.

Rubani wa Uingereza hakuachwa hivyo. Kama kitu kimepita karibu na ndege yake, kuna bodi inayoshughulikia matukio ya kukaribiana angani, na ripoti zake huchapishwa, ziwe za ndege nyingine, droni, au kitu kisichojulikana. Tofauti hiyo kati ya rubani na mtu aliyesimama uani utaikuta kila nchi.

Marekani: ofisi kubwa, mlango mwembamba

Jeshi la anga la Marekani liliendesha mradi wa Blue Book, wa kuchunguza ripoti za vitu visivyotambulika angani, kuanzia 1952 hadi 1969. Jumla ya ripoti, pamoja na za miradi iliyoutangulia tangu 1947, ilikuwa 12,618, na 701 zikabaki bila kutambuliwa. Watu hutaja 701 kana kwamba ni visa vya darasa D la Ufaransa. Mradi ulikuwa na watu wachache kwa ripoti nyingi, na hukumu zake nyingine zilitolewa mbio mbio. Mfano wa kukumbukwa ni wa Machi 1966, Michigan: mwanaastronomia wa mradi, J. Allen Hynek, alisimama mbele ya waandishi na kutaja gesi ya kinamasi kama maelezo yanayowezekana kwa baadhi ya taa zilizoonekana. Hakusema kwamba inaeleza kila kitu, lakini magazeti yalibeba neno hilo moja, mashahidi wakaona wamefanywa wajinga, na Gerald Ford, wakati huo mbunge wa Michigan, akadai Bunge lichunguze. Kwa mtoa huduma somo ni la kiofisi kabisa: maelezo yasitoke kabla ya jalada.

Siku hizi kuna AARO, ofisi ya kuchunguza vitu visivyotambulika, iliyoundwa Julai 2022 ndani ya Wizara ya Ulinzi. Fomu iliyofunguliwa Oktoba 2023 kwenye tovuti yake haikumlenga mwananchi aliyeona taa juu ya shamba. Iliwalenga watumishi wa serikali wa sasa na wa zamani, askari na makandarasi wenye kujua moja kwa moja kuhusu miradi ya serikali tangu 1945. Rubani wa ndege za kiraia anaelekezwa awaambie waongoza ndege. Raia wa kawaida, kwa miaka mingi, mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ulimpeleka kwenye vituo binafsi vya kukusanya ripoti, na kwa polisi kama kuna hatari kwa maisha au mali.

Hata kwa hao wenye mlango, tatizo ni lilelile la taarifa zisizotosha. Ripoti ya Novemba 2024 ilihesabu taarifa 757 zilizopokewa kati ya Mei 2023 na Juni 2024. Kati ya hizo, 444 ziliwekwa kando kwa kukosa data ya kutosha, na 21 ndizo zilizoonekana kustahili uchunguzi zaidi. Hao ni marubani na askari, watu wenye rada na saa mkononi, na bado zaidi ya nusu ya taarifa zao hazikuwa na cha kushika.

Pale AARO inapopata data, kazi yake ni safi. Video ya mwaka 2015 iliyopewa jina GoFast inaonyesha kitu kikikimbia juu ya bahari kwa mwendo wa kutisha. Ofisi ilipiga hesabu kwa namba zilizoandikwa kwenye kioo cha kamera yenyewe na kupata kwamba kitu kilikuwa juu sana, takriban futi 13,000, si karibu na mawimbi, na mbio zile zilitokana na mwendo wa ndege iliyobeba kamera. Aliyepanda boti ya kasi kutoka Mokowe kwenda Amu analijua hili bila kuambiwa: mkoko wa karibu unakimbia kurudi nyuma, ile ya mbali inatulia. Mkoko hauna mbio. Mbio ni za boti.

Kwa msomaji wa pwani, AARO ni maktaba nzuri ya kujifunza namna ya kuchambua. Kama huduma ya kupokea ripoti, mbili kati ya tano.

Chile, kwa ufupi

Tangu 1997 Chile ina kitengo ndani ya mamlaka ya usafiri wa anga, CEFAA zamani, SEFAA sasa. Kukaa kwenye usafiri wa anga ni mahali pazuri, kwa sababu rada na ratiba za ndege ziko chumba cha pili. Ila ujirani huo hautoshi kama umbali umekisiwa vibaya. Novemba 2014 helikopta ya jeshi la majini ilirekodi kwa kamera ya joto kitu kilichoonekana kutoa moshi. Kitengo kilikaa nacho miaka miwili, kikakitangaza Januari 2017 kuwa hakijaelezeka, na katika siku chache watu wa nje wakaonyesha, kwa data za wazi za safari za ndege, kwamba ni ndege ya abiria iliyokuwa ikipaa kutoka Santiago, na moshi ule ni mistari ya mvuke. Wanastahili alama moja ya ziada kwa kuweka video hadharani. Bila hivyo kosa lisingesahihishwa.

Kwetu

Pwani hii ina haki ya kuulizia huduma hii kuliko sehemu nyingi za Afrika. Kwenye ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kuna majukwaa ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita. Kutoka San Marco setilaiti 9 zilirushwa kwa roketi za Scout kati ya 1967 na 1988, mojawapo ikiwa ile iliyopewa jina Uhuru kwa kurushwa tarehe 12 Desemba 1970. Urushaji umekoma, lakini kituo cha nchi kavu, kiitwacho Luigi Broglio, bado kinafuatilia setilaiti. Kwa hiyo watu wanaojua kilichopita juu ya Malindi saa 2 usiku wako mwendo mfupi kutoka Mambrui. Hawana dirisha la kumpokea mvuvi, na hawakuwekwa pale kwa kazi hiyo.

Kenya haina dawati la mfano wa GEIPAN. Ina Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lililoundwa 2017, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, Idara ya Hali ya Hewa, inayorusha maputo ya vipimo, na polisi. Kila mmoja ana kipande chake. Namna wanavyofanya kazi kitu kikiwa kimeanguka tuliiona Mukuku, kaunti ya Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024, kama saa 9 alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 iliangukia kijijini. KSA na vyombo vingine walifika, wakalinda eneo, wakachukua chuma, na kufikia siku ya Mwaka Mpya taarifa ilikuwa imeshatoka: kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Haraka, lugha ya kawaida, ukubwa na uzito vimetajwa, neno "awali" halikusahaulika. Kwa vitu vilivyoanguka tunawapa nne.

Kwa taa iliyopita na kupotea, hakuna cha kupima, na moja tunayowapa ni ya matumaini. Ripoti itaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, utapewa namba, na hapo safari yake inaweza kuishia, kwa sababu kitabu cha OB hakina nafasi ya pembe wala upande.

Namna ya kupeleka ripoti kwa hali ilivyo ni hivi. Kilichoanguka, au kilichosukumwa na maji ufukweni Kipini au Kiunga: usikiguse, simama upande upepo unakotoka, mwarifu chifu au polisi, uchukue namba ya OB, kisha wasiliana na KSA. Matangi ya roketi yanaweza kubaki na mafuta yenye sumu kali, na mitungi ya gesi inaweza kuwa bado ina msukumo ndani. Usikiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu pia, kwa sababu chini ya mkataba wa anga za juu wa 1967 kinabaki mali ya mwenyewe. Kinachohatarisha ndege karibu na uwanja wa Malindi au wa Manda, kama droni au mwanga wa leza unaoelekezwa kwa rubani, ni kazi ya KCAA na polisi, na hapo usisubiri kesho. Taa ya mbali isiyomdhuru mtu inaandikwa kwanza, ndipo inapelekwa. Lamu kuna jambo moja zaidi: usielekeze kamera kambi ya jeshi ya Manda Bay kwa kisingizio cha kufuata mwanga.

Kabla ya kuandika, pitia yale yanayodanganya zaidi huku kwetu. Jua la pwani yetu hutua kati ya saa 12:05 na saa 12:40 jioni mwaka mzima, na saa moja hivi inayofuata ndiyo ya setilaiti: sisi tuko gizani, zenyewe bado zinapigwa na jua. Mstari wa taa nyingi zinazofuatana kama shanga ni setilaiti za Starlink siku chache baada ya kurushwa. Zilianza kuonekana hivyo Mei 2019. Taa moja kali inayovuka anga kwa dakika nne hadi sita bila kupepesa ni kituo cha kimataifa cha anga. Ikizimika katikati ya safari, imeingia kwenye kivuli cha dunia.

Taa iliyosimama juu ya bahari alfajiri, kali kupita nyota zote, mara nyingi ni Zuhura, ile ng'andu ya wavuvi. Ikiwa chini, hewa nzito ya baharini inaifanya ibadili rangi na kutetemeka. Jioni hutaikuta baharini bali upande wa bara, inatua. Taa zilizopangana chini kabisa usiku wa giza ni mashua za uvuvi na karabai zao, au balbu za betri zilizochukua nafasi ya karabai: upeo wa macho usipoonekana, taa ya majini inaonekana kuelea hewani. Na ile inayosimama dakika kadhaa, ikazidi kung'aa, kisha ghafla ikawa ndege, ni ndege inayokuja kutua ikiwa imekuelekea uso kwa uso. Kimondo huisha kwa sekunde chache. Kipande cha roketi kinachorudi kinakwenda polepole zaidi, kikimeguka, na kinaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kuvuka anga.

Kwenye simu, ogopa mambo mawili. Kamera isipokamata taa sawasawa, nukta inageuka sahani duara, wakati mwingine yenye pete, na kadiri unavyoivuta karibu ndivyo sahani inavyopendeza. Pia tingisha simu kidogo: nukta ikikimbia upande wa pili wa taa ya barabarani iliyomo pichani, hicho ni kivuli cha lenzi. Rekodi ukiwa na kitu kisichosogea ndani ya picha, pembe ya paa au mnazi, ili mwendo upimike. Na usitume ushahidi kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inaubana na kufuta taarifa za saa na mahali zilizomo ndani ya faili. Utume kama dokumenti au kwa barua pepe, na ile ya asili iache kwenye simu.

Lililobaki ni saa, na hapa fomu zote za kigeni zitakukwaza kwa sababu hazikuandikwa na Waswahili. Saa 2 na robo usiku ni 20:15, na kwa saa za UTC zinazotumiwa na marubani ni 17:15. Ukiandika "2:15 usiku", mchunguzi atatafuta anga ya saa nane na robo, atakuta Zuhura haipo na Starlink haikupita, na kisa chako kitaingia kikapu cha D kwa kosa la kalamu. Tarehe ina mtego mbaya zaidi. Kwa wazee wa Lamu siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao kalenda ya ofisi inauita Alhamisi usiku. Na saa 8 za usiku wa kuamkia tarehe 5 kwa UTC bado ni tarehe 4, saa 23:00. Andika zote kwenye karatasi moja: "usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5, saa 8 usiku, yaani 02:00 ya Kenya, 23:00 UTC ya tarehe 4".